Lita Mbili Mpaka Mutomo

Jumatano, 1 Juni 1988

Sikukuu ya Madaraka. Chifu amehutubia, watu wamepiga makofi, wamerudi nyumbani. Saa nane mchana, kikao cha kanisa hapa Kwa Ndolo. Nimechaguliwa katibu wa Kamati ya Gari. Sikujipendekeza. Niliinua mkono tu pasta alipouliza nani ana muda.

Jambo lenyewe ni hili. Zahanati ya kanisa letu ina mkunga mmoja, Sista Ndila, na baiskeli moja yenye breki moja. Akiitwa kwa mama anayejifungua, anakanyaga pedali hadi mchanga umzuie, kisha anasukuma. Mwezi wa tatu alifika kwa mama mmoja akakuta mtoto amekwisha zaliwa, na hapumui. Sista hakulia mbele ya watu. Lakini tangu siku hiyo kanisa halikutulia, harambee ikafanywa, na sasa gari litanunuliwa. Gari kuukuu, ila gari.

Pasta ametoa masharti matatu. Liwe dogo. Lisinywe petroli sana, maana petroli itakuwa ya sadaka. Na lisitoe moshi, kwa sababu zahanati imejaa watoto wanaougua vifua, na kwa sababu akina mama wa kikundi cha miti wamesema hawakubeba maji kichwani miaka minne kumwagilia miarobaini ili ije ipakwe masizi. Watu walicheka. Mimi niliandika.

Kamati ni watu watatu. Sista Ndila, ambaye ndiye atakayeendesha. Alijifunza alipofanya kazi hospitali ya misheni. Mzee Kivuva, aliyeendesha magari ya serikali miaka ishirini na hawezi kusema sentensi tatu bila kutaja greda. Na mimi, Jeremia Ndeti, karani wa kanisa. Mimi sijui kuendesha. Naona ni faida. Anayejua kuendesha ana mapenzi yake. Mimi nina macho tu.

Kivuva aliniuliza mbele ya watu gari lina gia ngapi. Nikasema inategemea gari. Jibu zuri, nadhani. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 3 Juni

Siku mbili najiuliza: moshi unapimwaje? Uzito una mizani. Maziwa yana kikombe. Moshi je?

Leo asubuhi nimepata. Kitambaa cheupe. Unakishika nyuma ya bomba la moshi, injini ikinguruma, unahesabu hadi mia. Kikibaki cheupe, gari ni safi. Sikusoma popote. Ni akili yangu mwenyewe.

Mke wangu Kavata ana vitambaa sita vya kufuma, vya kuwekwa kwenye migongo ya viti. Nilichukua kimoja. Nikaenda kwenye mashine ya kusagia mahindi ambako Mzee Kivuva huegesha pikapu yake ya dizeli. Nilikuwa na sababu. Kavata amesikia kisimani kwamba Kivuva anataka kuliuzia kanisa pikapu hiyo hiyo. Mjumbe wa kamati. Anakaa upande wa wanunuzi na mali ni yake.

Niliinama nyuma ya pikapu. Kivuva alikuwa ndani, injini inaunguruma. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na saba alikanyaga mafuta. Sijui kama alinijua niko pale. Ninachojua ni kwamba alikanyaga vizuri sana.

Matokeo: kitambaa cheusi. Uso mweusi. Ushahidi mkubwa, ila nilipoingia dukani kununua sabuni mwenye duka aliniuliza nimetoka kuchoma makaa wapi.

Kavata alikiangalia kitambaa akasema kilifumwa na mama yake. Nikamwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akasema sawa, basi sayansi itakifua.

Nimefua mara nne. Kimekuwa rangi ya panya.

Jumatatu, 6 Juni

Kitui na Sista Ndila, kwa basi la alfajiri. Mzee Kivuva alisema hana haja ya kwenda, gari nzuri iko hapa hapa nyumbani. Sasa hafichi.

Gari la kwanza: jekundu, mali ya mwalimu mmoja anayekaa karibu na shamba la kahawa. Linang'aa. Lina redio. Viti vimevalishwa kitambaa chenye madoa ya chui. Nilikaa mbele, nikafungua redio, nikasikia watu wa Nairobi wakizungumza habari ya pamba. Nikaamua pale pale. Hili.

Sista Ndila hakuangalia redio. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama anavyokiweka kwenye paji la uso la mgonjwa.

"Lina joto," akasema. "Mwalimu, limetoka wapi asubuhi hii?"

Mwalimu akasema halijatoka popote.

"Basi tutarudi likipoa."

Nilitoka ndani kwa aibu. Saa nane tulirudi. Boneti baridi. Mwalimu aliwasha mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Likakohoa, kisha likatoa moshi wa buluu uliofunika ua wote na kuku wakakimbia. Kitambaa namba mbili: matone ya oili. Sista Ndila alimshukuru mwalimu kwa heshima zote na tukaondoka.

Nilimuuliza alijuaje. Akasema kuna wagonjwa wanaojimwagia maji baridi kabla ya kuja kupimwa homa, ili waruhusiwe kwenda arusini. Gari nalo linaweza kupashwa joto kabla ya mgeni kufika. Nimeandika. Ni jambo la kufikiria.

Gari la pili: kijani, dogo sana, milango miwili. Mali ya Mzee Abdallah Faki, mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Alilinunua jipya zamani na kazi yake imekuwa kumpeleka dukani, msikitini na nyumbani. Boneti ilikuwa baridi. Liliwaka mara ya pili. Moshi kidogo mwanzoni, mweupe, kisha hakuna. Kitambaa namba tatu: kijivu kidogo pembeni, labda ni jasho langu.

Mzee Abdallah alikuwa akilisifu vizuri mpaka mkewe, Mama Sauda, alipotoka na chai. Akatuambia yote. Mlango wa kushoto haufunguki kutoka ndani. Mshale wa petroli umekufa tangu arusi ya binti yao. Waipa ya kushoto, ya kupangusa kioo, imeng'oka. Kila aliposema, mzee alikohoa. Alipomaliza, mzee akasema kwa upole, "Mama Sauda, umesahau honi." Akasema kweli, na honi inalia ikitaka.

Nilidhani Sista Ndila atakataa. Kumbe ndiyo kwanza alianza kucheka na kunywa chai. Aliniambia baadaye kwamba gari lenye ugonjwa unaojulikana analiweza. Analoliogopa ni lile lisilo na ugonjwa hata mmoja.

Mzee Abdallah anamjua tangu alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi hapo mjini. Akamwambia, "Mwanangu, lichukue wiki mbili. Likikukataa, lirudishe." Nikaandika hati ya makabidhiano. Nikaipiga muhuri wa kanisa, niliokuwa nimeubeba kwa ajili hiyo. Wino ulikuwa umekauka, nikatumia mate.

Tulijaza tangi, tukarudi. Nilikaa mbele. Kwa sababu ya ule mlango, kila tuliposimama Sista Ndila alizunguka kunifungulia kutoka nje. Pale Mutomo watu walisimama kuangalia ni nani huyu anayefunguliwa mlango. Niliwapungia mkono.

Jumatano, 8 Juni

Gari la kijani liko Kwa Ndolo. Watoto wamelizunguka. Mzee Kivuva amelizunguka pia, mikono nyuma, akapiga teke gurudumu moja na kuuliza kama sehemu iliyobaki ya gari iko njiani inakuja.

Leo Sista Ndila amefanya kipimo chake. Sikukitarajia. Alichukua leso, akamwita Kavata washike ncha mbili, wakatembea njia yote inayotoka zahanati hadi bomani kwa watu wa ng'ambo ya mto. Ile njia ina miarobaini kushoto na kulia, ya akina mama. Pale penye miti iliyokaribiana kabisa walinyoosha leso na kufunga fundo kwa alama. Kisha wakarudi na kupima magari.

La kijani: linapita, na nafasi ya kiganja kila upande.

Pikapu ya Kivuva: haipiti. Inazidi kwa mkono mzima.

Mzee Kivuva akasema si kitu, miti miwili itakatwa, kazi ya dakika tano. Alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya akina mama saba wa kikundi cha miti waliokuwa wamekuja kuangalia. Mmoja wao alihamisha debe la maji kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, basi. Mzee Kivuva akakumbuka ana mbuzi wa kunywesha.

Mimi nimekaa nikifikiri: mbona sikuwaza leso? Niliwaza moshi, niliwaza redio, niliwaza kiti. Njia sikuiwaza. Nimeandika katika kumbukumbu za kamati kwamba kipimo cha upana kilifanywa "chini ya uangalizi wa katibu". Niliangalia, kwa hiyo si uongo.

Ijumaa, 10 Juni

Limebaki swali moja. Linakunywa kiasi gani?

Nimemuuliza Sista Ndila. Akasema ni rahisi: tangi lilijazwa Kitui, ataendesha wiki hii yote, kisha atajaza tena na tutaona limemeza ngapi. Wiki nzima. Mimi siwezi kusubiri wiki nzima kujua jambo ambalo liko hapo ndani ya chuma limejificha. Jana sikula vizuri kwa kuliwaza. Kavata aliniuliza kama ni tumbo.

Basi nimefikiria njia fupi. Gari liwe na lita mbili kamili. Liendeshwe mpaka lizime. Usome kilomita kwenye saa ya gari, ugawanye kwa mbili. Jibu siku moja, bila ubishi.

Kesho Jumamosi Sista Ndila anakwenda Mutomo kuchukua dawa, kilomita thelathini na moja. Nitaomba nimsindikize. Nitabeba mtungi wa petroli, likizima namimina, tunaendelea. Atacheka akijua. Ila asijue mapema. Dereva akijua anapimwa, mguu wake unabadilika. Hilo nililigundua kwa Kavata: nikimwangalia anavyotia chumvi, chakula kinakuwa kibaya.

Saa tisa mchana, Sista akiwa ndani na wagonjwa, nilileta mpira na mitungi miwili. Kuvuta petroli kwa mdomo ni kazi ya kusomea. Ya kwanza niliimeza. Ya pili niliitema juu ya shati. Ya tatu ikaanza kushuka yenyewe, mtungi wa kwanza ukajaa, wa pili ukaingia nusu, mpaka mpira ukakoroma na kuacha. Nikarudisha lita mbili kwa chupa ya kupimia. Mitungi nimeifungia kwenye stoo ya kanisa.

Mshale umekufa, kwa hiyo hauwezi kunisaliti. Mara ya kwanza naona ubovu wenye faida.

Kavata amenusa shati. Amesema leo nisikae karibu na jiko.

Jumamosi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Saa kumi na mbili na nusu nilisikia injini. Nikatoka nikifunga vifungo vya shati. Sista Ndila alikuwa tayari kwenye gari, na nyuma alikuwa amelala Mbinya, mke wa fundi cherehani, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimwanza jana na mtoto hashuki. Sista alisema hapa hawezi, ni Mutomo, hospitali, sasa. Mume yuko Mombasa kazini. Mama mkwe hakuweza kuketi kwa ajili ya mgongo. Akasema, "Karani, ingia, nitahitaji mtu."

Niliingia. Mlango ukafungwa. Tulikuwa tumeshapita miarobaini nilipokumbuka mitungi iko kwenye stoo, na ufunguo wa stoo uko kwenye suruali ile nyingine.

Nataka kuandika ukweli hapa, kwa kuwa ni daftari langu. Nilifungua mdomo kusema mara mbili. Mara ya kwanza Mbinya aliugua, na ilionekana si adabu kuzungumza petroli. Mara ya pili tulikuwa tumefika kilomita ya tisa, na nikafanya hesabu kichwani. Likienda kumi na sita kwa lita, tunafika na kubaki na kidogo. Kwa nini lisiende kumi na sita? Ni dogo. Barabara inateremka. Nikanyamaza, nikaiangalia saa ya kilomita. Na Mungu anisamehe, nilikuwa na hofu na bado nilitaka kujua.

Kumi na nane. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Nikaanza kutumaini.

Kwenye kilomita ya ishirini na saba, tukitoka kwenye mchanga wa mto mkavu, likashtuka mara mbili kama mtu mwenye kwikwi. Likazima.

Sista Ndila akawasha. Akawasha tena. Akatoka, akafungua boneti, akaangalia nyaya. Nilibaki nimekaa. Mlango wangu haufunguki kutoka ndani. Ilibidi nimwambie kupitia dirishani.

"Sista, si nyaya. Tangi halina kitu."

"Tulilijaza Kitui."

"Tulilijaza. Jana nimetoa petroli. Nilibakisha lita mbili."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua linakwenda mbali kiasi gani."

Nimewahi kuangaliwa vibaya na pasta, na chifu, na mama yangu mzazi. Hii ilikuwa nyingine. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayesoma barua asiyoielewa lugha yake. Kisha Mbinya akapiga kelele, na Sista akaacha kunisoma.

Akanifungulia mlango. Akaniambia nivue koti, nilikunje, niliweke chini ya kichwa cha Mbinya. Nishike leso mlangoni iwe pazia. Nigeuke niangalie ule mlima.

Niliangalia mlima. Naujua sasa ule mlima kuliko mtu yeyote aliye hai. Una mawe matatu meupe upande wa kushoto na mti mmoja uliokauka. Nyuma yangu nilisikia Sista akisema, sukuma, pumzika, sasa, sasa, mwanangu, kwa sauti ile ile, haipandi wala haishuki. Sijui ni saa moja au ni robo saa. Kisha nikasikia mtoto ametoka, kwa jinsi Mbinya alivyonyamaza.

Na mtoto hakulia.

Nilianza kuhesabu. Sikutaka, ni tabia tu. Moja, mbili. Nilisikia makofi madogo ya kiganja kwenye ngozi. Tano, sita. Nilisikia Sista akivuta pumzi na kupuliza, akivuta na kupuliza. Nikawaza yule mtoto wa mwezi wa tatu. Nikawaza mtungi, na suruali iliyotundikwa kwenye msumari. Tisa. Kumi. Nikasema, Bwana, sitapima kitu tena.

Kumi na mbili, akalia.

Alilia vibaya, kama paka, kisha akalia vizuri. Niliketi chini mchangani. Leso ilianguka na Sista akaniambia niiokote, hajamaliza.

Mtoto wa kike. Sista alisema mama lazima aonwe na daktari hata hivyo, amechoka na damu bado. Kilomita nne zimebaki. Ndipo nikaona moshi. Mweusi, mnene, nyuma ya miba, ukija. Sijawahi kufurahia kuona moshi namna ile. Ilikuwa pikapu ya Mzee Kivuva, imebeba mbuzi wa kupeleka kwa mnunuzi Mutomo.

Hakuuliza maswali mengi. Aliangalia gari, akaniangalia mimi, akanusa shati. Akafungua nyuma, akashusha mbuzi wote kumi na mmoja. Akatandika gunia safi na koti lake mwenyewe. Walimlaza Mbinya, Sista akakaa naye na mtoto kifuani.

"Karani," Mzee Kivuva akaniambia akiwasha, "wewe baki na hawa. Wasiingie kwa shamba ya mtu."

Nimeshinda na mbuzi kumi na mmoja hadi saa saba mchana, Mzee Kivuva na Sista waliporudi na petroli. Wawili walipanda juu ya boneti. Mmoja alikula kitambaa namba tatu, kile cha kijivu.

Nilipopata nafasi niliingia kusoma saa. Ishirini na saba na nusu, kwa lita mbili. Kumi na tatu na robo tatu kwa lita moja. Ni nzuri sana kwa gari la umri ule, na kwenye mchanga. Niliiandika mkononi kwa kalamu, kwa sababu daftari lilikuwa nyumbani.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani. Kila mtu anajua. Pasta aliomba kwa ajili ya mama na mtoto, kisha akaomba kwa ajili ya "wale wenye udadisi". Watu walikohoa.

Mbinya ni mzima. Amerudishwa leo na pikapu. Mtoto ameitwa Wanzia, yaani aliyezaliwa njiani. Nilikuwa nimewaza kwamba pengine wangefikiria jina jingine, la mtu aliyekuwepo. Nilimdokezea Kavata. Kavata alinipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akauweka mbele yangu, akaenda kula na akina mama nje.

Jumanne, 14 Juni

Kikao cha kamati. Nilikuwa nimejiandaa kujiuzulu. Barua ilikuwa mfukoni, yenye maneno mazuri. Hakuna aliyeniomba, ikabaki mfukoni.

Nilingoja Mzee Kivuva asimame aseme: mnaona, gari dogo limewaacha njiani, chukueni pikapu. Ningesema hivyo mimi kama ningekuwa yeye. Alisimama, akakuna kidevu.

"Hiyo gari haina makosa," akasema. "Ilisimama kwa kiu. Hata mimi ukininyima maji nitasimama. Na ile yangu, kusema kweli, Sista alikohoa njia yote na mtoto pia. Mimi nimesikia kwa kioo." Akaketi. Hakutaja greda.

Nimekuwa nikimwangalia Mzee Kivuva miaka mingi na sikuwahi kuona upande wake huo.

Sista Ndila akachagua gari la kijani. Sababu zake: linapita katikati ya miti bila kukata hata tawi. Halitoi moshi. Linakunywa kidogo. Hapo akaniangalia, akasema, "Hilo tumelijua kwa njia ngumu, lakini tumelijua." Ubovu wake ameambiwa wote na wenyewe. Masharti mawili: kifuniko cha tangi kitiwe kufuli, na ufunguo ukae shingoni mwake. Karani akipanda, akae nyuma.

Niliandika kumbukumbu: "Gari lilichaguliwa kufuatia utafiti wa kina wa katibu." Sista alisoma, akachukua kalamu yangu, akafuta maneno sita. Mzee Kivuva akatia sahihi bila kusoma.

Ijumaa, 17 Juni

Nimekwenda kwa Mbinya. Nilibeba kuku na unga wa wimbi wa uji. Kavata alisema nisiende mikono mitupu, na nisiende na maelezo.

Niliomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa kwa sehemu tatu. Nilimaliza sehemu ya kwanza, Mbinya akanipa mtoto nimshike ili afunge kuku. Mtoto ni mdogo sana. Alinishika kidole. Ana nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilijaribu kukitoa mara mbili akakataa.

Mbinya akaniuliza, "Kwani ilikuwa kilomita ngapi?"

Nikamwambia ishirini na saba na nusu.

Akafikiri. Akasema siku moja atamwambia Wanzia. Kisha akacheka, na mama mkwe wake akacheka, na mimi nikacheka, ila nilicheka kwa kuchelewa kidogo, maana sikuwa na hakika kama nimeruhusiwa.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimemwambia Kavata kwamba nimebadilika. Akasema vizuri, ataona.

Jumatano, 22 Juni

Gari limekuwa la kanisa rasmi. Sista Ndila na pasta walikwenda Kitui Jumatatu kumaliza mambo na Mzee Abdallah. Mama Sauda amewapa kibuyu cha asali na kuwakumbusha habari ya honi. Jana Sista alifika kwa akina mama wawili siku moja, ng'ambo zote mbili za mto, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Watu wanasema mimi pia nimechangia. Mtu mmoja amesema. Nilimuuliza.

Leo nimekuwa zahanati nikiandika orodha ya vifaa, kazi aliyonipa pasta ili nisikae bure. Kitanda, mizani, mikasi minne. Na friji la chanjo. Sikuwahi kulitazama kwa karibu. Linatumia mafuta ya taa. Chini lina utambi na moto mdogo wa buluu, juu lina baridi. Moto unafanya baridi. Nimepiga magoti na kuliangalia karibu saa nzima. Nimemuuliza Sista linakunywa mafuta kiasi gani. Akasema debe moja kwa muda fulani, akaniambia niinuke hapo chini.

Muda fulani. Hiyo si hesabu.

Nimewaza hivi. Moto ule unawaka mchana na usiku, bila kupumzika, na mafuta ni ya sadaka. Je, ni lazima wote? Kama utambi ukishushwa nusu, baridi inapungua kiasi gani, na baada ya saa ngapi? Pengine haipungui kabisa. Pengine miaka yote tumekuwa tukichoma nusu bure.

Kesho Sista Ndila anakwenda kliniki ya watoto ng'ambo ya mto na hatarudi hadi jioni. Fundi wa madirisha anakuja, na pasta amenipa mimi ufunguo wa zahanati.

Nashangaa hakuna mtu aliyewahi kujaribu.